Upande wa Kushoto wa Uso wa Mwalimu

Mwalimu alitaka kinyago kimoja tu, na alitaka kiwe na uso wake wa zamani.

Alikuja kuniona Jumamosi moja katika darasa ninamofundisha uchoraji na kazi za mikono, hapa Butembo. Alikaa kwenye dawati la mbele, akatoa picha ndogo kutoka katikati ya kitabu cha sala, akaisukuma kwangu kwa kidole. Katika picha alikuwa amesimama kwenye jukwaa la parokia, amevaa koti refu jeusi, mkono mmoja umeshika komeo la mlango wa mbao usio na ukuta. Kinywa kilikuwa wazi, midomo imenyooka, kidevu juu. Hata kwa picha iliyopauka namna ile ungejua kwamba ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza kumsikiliza.

Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, ugonjwa wa kupooza ulimkuta akinyoa ndevu. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, uso haukurudi. Shavu la kushoto lilining'inia kama nguo iliyolowa, kinywa kilivutwa kulia, na jicho la kushoto halikufumba sawasawa, kwa hiyo lilitoa machozi lenyewe, bila huzuni yoyote. Alitembea na kitambaa cha kufutia mate. Alikitumia haraka haraka, akigeuza kichwa kidogo, akidhani hatuoni.

Parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei yake, na kikundi cha maigizo kilikuwa kimeamua kurudisha jukwaani mchezo alioutunga yeye, mchezo wa tajiri anayemkatalia mgeni mlango siku ya mvua kubwa. Watu wa umri wangu tulikua nao. Sehemu inayopendwa ni hotuba ya tajiri. Mgeni anabisha, na tajiri, badala ya kufungua, anasimama nyuma ya mlango na kumweleza yeye ni nani: anataja mashamba yake, ng'ombe wake, wakwe zake, mapadri waliokula mezani kwake. Mwanzoni watu hucheka. Kisha kubisha kunapungua, kunakoma, na tajiri bado anaongea, na ukumbi unaelewa kabla yake kwamba nje hakuna mtu tena. Hotuba hiyo hakuna mwingine aliyewahi kuisema. Mwalimu alitaka kuisema mara moja tena.

"Masque itabeba uso," aliniambia. "Mi nitabeba sauti. Batu bataona tajiri, hapana mugonjwa."

Nilimwelewa kwa shida. Kila b ilimponyoka ikawa pumzi tu.

Lazima niseme hapa kwamba alinifundisha Kifaransa. Alikuwa ametumwa na Serikali kutoka mkoa mwingine, kijana mwenye mshahara na viatu vya ngozi, na hakujifunza Kinande, lugha yetu, zaidi ya salamu. Sisi, tulipotakiwa kusema "la rue", yaani barabara, tulisema "la ri", kwa sababu sauti ile iliyo kati ya i na u haikuwamo vinywani mwetu. Siku moja aliniita mbele, akanishika kidevu, akanibana midomo kwa vidole viwili mpaka ikachomoza kama ya samaki, akasema: sasa tamka. Nikatamka "la ri". Darasa lilicheka, na yeye alicheka kuliko darasa. Mpaka namaliza shule niliitwa Lari. Sikuwa peke yangu; kila mwaka alichagua mmoja. Wale aliowachagua leo ni wafanyabiashara, madereva, wauguzi, wengine ni masista. Ugonjwa ulipomkuta, mji haukushangaa. Nilisikia sokoni, nikasikia tena nje ya kanisa baada ya misa ya pili, kwa sauti ya kawaida kabisa kama watu wanaongelea mavuno: alivuta vinywa vya watu, sasa chake kimevutwa.

Mmoja wa hao waliochaguliwa ndiye rais wa kikundi cha maigizo. Watu wote humwita Mama Présidente. Ana duka la vitenge, ana mwili mkubwa na kicheko kidogo, na anaweza kuwachekesha watu hata matangani. Yeye ndiye anayeamua nani anacheza nini. Alipoelezwa habari ya kinyago hakubishana. Alisema tu kwamba atapita kuona kazi.

Nilianza na udongo. Nilichukua ule wa kijivu wanaofyatulia matofali kando ya mto Kimemi, nikautoa mawe, nikaukanda, nikajenga kichwa juu ya ubao nikitazama picha. Kila jioni niliufunika kwa gunia lililolowa ili usipasuke. Kazi ilikula wiki tatu. Picha ilikuwa ndogo kuliko kiganja na ilionyesha upande mmoja, huo mwingine niliubuni. Mashavu yakawa sawa, macho sawa, midomo sawa. Ulikuwa uso usio na kosa na usio na mtu.

Mama Présidente aliingia, akauzunguka mara moja.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia ni Mwalimu.

"Hapana. Huyu iko député, mutu ya Bunge. Angalia, hana hata kitu moja anafikiri."

Kisha aliweka kidole gumba juu ya shavu la kushoto, akalivuta chini mpaka kona ya mdomo ikafuata.

"Sasa njo yeye," akasema, akijifuta kidole kwenye gunia langu. "Madame, batu babone yeye mwenyewe, vile iko leo. Tajiri alifunga mulango, Mungu akamufunga kinywa. Hakuna mutu atauliza maana."

Nilimkumbusha kwamba Mwalimu anataka uso wake wa zamani. Akajibu kwamba anayetaka ni mmoja, na watakaokaa kwenye mabenchi ni parokia nzima. Akaniuliza kwa nini nahangaika kufinyanga uso wakati uso wenyewe upo na unatembea mjini. Si ningeweza kumlaza na kumpiga chapa?

Sitasema kwamba alinipa wazo. Nilikuwa nalo tayari. Kalibu inayochukuliwa juu ya ngozi haibuni kitu: unampaka mtu mafuta, unammwagia usoni plasta, yaani jasi iliyokorogwa kwa maji, inaganda, unaitoa, na ndani yake unabaki na uso uliogeuzwa, wenye kila kunyanzi. Ukibandika karatasi humo ndani, utatoa kinyago kilicho yeye. Ukitaka kurekebisha kitu, kazi inakuwa mara mbili: unajaza kalibu ya kwanza udongo, unapata kichwa, unanyoosha kilichopinda, kisha unachukua kalibu ya pili juu ya huo udongo. Kalibu moja ingetoa uso wa leo. Kalibu mbili zingetoa ule wa picha, safari hii ukiwa na ngozi na ndevu na mtu ndani yake. Nilimweleza Mwalimu hiyo njia ya pili, na akakubali palepale.

Plasta ya mafundi wa dari niliijaribu kwanza, kwenye mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa imekaa dukani karibu na mlango mpaka ikanywa unyevu, na ilipokauka ikameguka kama andazi la jana. Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Ili plasta isishike ngozi unahitaji mafuta, na mimi nilichukua mawese, kwa sababu ndiyo yaliyoko katika kila jiko hapa. Mawese yetu hutoka upande wa Mbau, na Mbau kuna joto, yanatiririka. Butembo asubuhi kuna baridi na yanaganda chembe chembe ndani ya chupa. Nilijipaka hivyo hivyo. Kila chembe iliacha tundu lake, na mkono wangu ulitoka kwenye kalibu ukiwa na ndui, tena wa rangi ya chungwa. Mtu wa Mbau asingekosea hivyo, na mtu wa Goma angekuwa na vaselini.

Basi nilinunua vaselini, na plasta nikaifuata Beni, kwa fundi wa meno. Chumba chake kilikuwa na rafu mpaka darini, na kwenye rafu zote taya nyeupe, kila moja na kijikaratasi cha mwenyewe. Aliniuliza nataka plasta kwa meno ya nani. Nikasema si meno, ni uso mzima. Aliacha kufuta meza.

"Mwenye uso iko muzima?"

Nikasema yuko hai. Akaendelea kufuta. Hapo ndipo alipoanza kunifundisha, bila kuombwa: maji kwanza, unga baadaye, usikoroge kwa nguvu, utaingiza mapovu, itapata joto, mtu ataogopa, usiitoe wakati wa joto, itoe inapoanza kupoa. Na mtu huyo asipumue kwa kinywa. "Hii plâtre haifiche kitu," alisema. "Mutu alikunywa jana, inaonyesha." Alinipimia mifuko miwili ya nailoni, akaifunga kwa uzi.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi, mwanajeshi mmoja alitoa mifuko yangu garini akaiweka juu ya kofia ya injini. "Oyo nini?" aliuliza kwa Kilingala, halafu akaona sura yangu akahamia Kiswahili. Nilisema ni ya kufanyia vinyago vya parokia. Alichovya kidole, akanusa, akanisogezea kile kidole.

"Lamba, mama. Kama ni sumu, utakufa wewe wa kwanza."

Nililamba. Unga ulininyonya ulimi ukawa kama kipande cha ubao. Abiria wenzangu waliangalia barabara. Yeye alinitazama kwa muda, kisha akatoboa mfuko wa pili kwa ncha ya kisu, akamwaga nusu yake kwenye tope la mvua ili aone kama kuna kitu kimefichwa ndani. Hakukuwa na kitu. Lile tope jeupe lilianza kuwa gumu mbele ya viatu vyake. "Ezokoma libanga," alisema, linakuwa jiwe, na aligonga kwa kisigino kama mtoto aliyeonyeshwa mchezo. Alisahau kumwaga nusu iliyobaki.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba ni kwa sababu ya mwanajeshi huyo sikupata kufanya kalibu ya pili. Si kweli. Nyumbani nilipima: mfuko mmoja mzima na nusu ya mwingine. Ilitosha kalibu mbili.

Jumamosi iliyofuata niliunganisha madawati manne. Mwalimu alivua viatu, akavipanga pamoja chini ya dirisha, akalala chali, kichwa juu ya kitenge kilichokunjwa. Mama Présidente alikuja pia, ingawa sikumwita. Alikaa pembeni na karanga zake kwenye karatasi.

Nilikuwa nampaka vaselini kwenye masharubu, aliyokataa kuyanyoa, aliponigusa mkono. Alielekeza kidole kwenye shavu lililoanguka.

"Mutoto yangu, huu upande, utatengeneza?"

"Nitatengeneza, Mwalimu."

Kwa Kiswahili neno hilo linafanya kazi mbili. Seremala anatengeneza meza mpya, na seremala anatengeneza meza iliyovunjika. Aliuliza kwa maana ya pili, nami nilijibu kwa ile ya kwanza, na nilijua nafanya nini wakati ninajibu, kwa sababu Mama Présidente alikuwa ameinua macho kutoka kwenye karanga na mimi nilikuwa nimemwona. Mwalimu aliyekuwa akitukata alama kwa neno moja lisilo mahali pake hakuniuliza nina maana gani. Alifumba jicho lake zima, akatulia.

Tulikubaliana alama, maana hangeweza kusema: kidole kimoja ni joto, mkono wote juu ni toa. Jicho la kushoto lilikuwa bado wazi. Nililifumba kwa kidole, nikaweka pamba yenye maji juu yake, nikabandika sparadra, utepe wa gundi wa hospitali. Nilimtia mirija miwili puani. Kisha nikaanza kumwaga, paji la uso kwanza, mashavu, kidevu, na kinywa mwisho. Kilipofunikwa kinywa, chumba kilibaki na sauti ya mirija tu, ndani na nje.

"Papa, leo umenyamaza," akasema Mama Présidente.

Mirija ilivuta, ikatoa.

"Mi nilingoja hii siku tangu mwaka ya tatu. Unakumbuka mwaka ya tatu? Hapana kumbuka. Tulikuwa bengi." Alisogea mpaka karibu na kichwa chake, akajibana midomo kwa vidole vyake mwenyewe, akatamka taratibu, kwa usafi ambao sijausikia hata redioni: "La rue. La rue. La rue. Sikia vile nasema, Papa. Nipe point."

Vidole vya Mwalimu vilikuwa vimelala juu ya kifua. Kimoja kiliinuka. Nilimwambia ni joto la kawaida, litapita. Mama Présidente akasema kwamba lile ni joto dogo, akaulize wenye uzoefu wa moto huko anakokwenda. Alikuwa akitafuna wakati anasema.

Kisha mkono wote ukapanda.

Niliuona. Nilibonyeza plasta kwa ukucha na ukucha ukaacha alama; ilikuwa bado. Kama ningeitoa wakati ule ingepasuka, na ingepasukia upande wa kushoto, kwenye mikunjo ya kinywa, palepale palipokuwa na kazi. Nilimtazama Mama Présidente. Alikuwa ameacha kutafuna. Nilishika mkono wa Mwalimu nikaushusha mpaka juu ya dawati, nikasema bado kidogo, na nikaendelea kuushika hapo. Haukunipiga wala kujinasua. Nilihesabu moyoni, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Plasta ilipoanza kupoa niliitoa kwa mikono miwili, ikaachia kwa sauti ndogo kama busu.

Pamba ilikuwa imehama. Maji ya plasta yalikuwa yameingia ndani ya jicho lisilofumba, na jicho lilikuwa jekundu kama pilipili. Lilibaki hivyo kwa wiki kadhaa. Alikaa kitako, akapapasa kitambaa chake, akajifuta.

"Imetoka?" aliuliza.

Nikamwambia imetoka. Akatabasamu kwa upande mmoja.

Walipoondoka niliipeleka kalibu dirishani. Uso uliogeuzwa ndani una tabia ya kukufuata: ukienda kushoto, nao unageuka kushoto. Niliona matundu ya ngozi, niliona nywele za nyusi moja moja, niliona mfereji mwembamba kwenye kona ya mdomo, njia ya mate. Mafuta hayakuacha chembe, mapovu hayakuwepo. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, wala kabla wala baadaye.

Nusu mfuko ulikuwa kabatini. Udongo ulikuwa chini ya gunia. Nilikuwa na wiki tano mbele yangu kabla ya jubilei. Wakati mwingine najiambia kwamba sikufanya kalibu ya pili kwa sababu ya jina la Lari. Wakati mwingine, kwa sababu nilimwogopa Mama Présidente. Mara nyingi zaidi nafikiri ni kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa nzuri na sikutaka kuigusa.

Kilichobaki kilikuwa uchaguzi wa kitu cha kubandika. Kuna résine wanayotumia mafundi wa pikipiki kuziba plastiki zilizovunjika, lakini inanuka na inawasha ngozi. Nilichagua karatasi. Tabaka la kwanza lazima liwe jembamba ili liingie katika kila kunyanzi, kwa hiyo nilichana nakala za mitihani ya zamani, zenye masahihisho mekundu bado. Juu yake nikaweka karatasi ya mifuko ya sementi, iliyolowekwa na kusuguliwa mpaka ikawa laini kama nguo. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, na ndani yake maji ya tumbaku ili wadudu wasiile. Kalibu niliipaka sabuni mara tatu. Siku ya sita kinyago kilijiachia chenyewe. Nilikitoboa macho na pua tu, nikakipaka rangi ya ngozi yake, na kwenye mdomo nikaongeza uwekundu kidogo, uonekane kutoka benchi la mwisho.

Mwalimu alikiona siku ya mazoezi ya mavazi, katika ukumbi wa parokia, mbele ya wachezaji wote. Nilimkabidhi kikiwa kimegeuzwa, mgongo juu. Alikipindua. Alikiangalia kwa muda mrefu kuliko mtu anavyojiangalia kwenye kioo.

"Hujatengeneza," akasema.

"Nimetengeneza, Mwalimu."

Nilimwona akitafuta. Alikuwa akirudi nyuma katika sentensi, kama alivyokuwa akitufundisha, kutoka kitenzi kwenda kwa kila kinachokifuata, mpaka alipofika kwenye dawati na vaselini.

"Ah," akasema. "Kosa iko yangu. Nilipashwa kuuliza, utatengeneza nini."

Alikivaa hata hivyo. Kilimwingia kama kifuniko kinavyoingia kwenye sufuria yake. Alisimama nyuma ya mlango usio na ukuta, akaweka mkono kwenye komeo, na kijana wa pikipiki aliyecheza mgeni, mtu wa sauti nene anayebeba abiria mjini, akabisha. Mwalimu alianza hotuba. Kulisikika kitu kama mtu anayeongea kwenye chumba cha tatu. Mama Présidente, kutoka katikati ya ukumbi, alisema: "Papa, hatusikie kitu." Alianza upya, kwa nguvu zaidi. Mate yalimjaa, hayakuwa na pa kutokea, yakaloweka karatasi. Gundi ya muhogo ililainika, na kona ya kushoto ya kinyago ikaanza kuvimba na kushuka, ikapinda kuliko mwenyewe. Wachezaji wawili walitoka nje kucheka. Mara ya tatu Mama Présidente hakumwacha afike kwenye ng'ombe. Alisema bon, tajiri atakuwa huyu wa pikipiki, na mgeni atatafutwa, mgeni hana maneno mengi.

"Mais, lakini mchezo ni yangu," akasema Mwalimu kutoka ndani ya kinyago. Hilo sote tulilisikia.

"Na uso ni ya wewe, Papa. Tutakutaja."

Alikivua. Kabla ya kunirudishia alikifuta ndani kwa kitambaa chake, vizuri, kona zote. Kisha aliniomba kitu kimoja, kwa sauti ya chini: nivunje kalibu. Nikamwambia nitaivunja. Jumatatu nilitoa ndani yake kinyago cha pili, nikakipanua pembeni ili kikae kichwani pa yule kijana, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimeharibika mdomo.

Siku ya jubilei ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na masista, wafanyabiashara, watu waliokuja kutoka upande wa Kirumba na kubaki hapa, maofisa wa Serikali na wake zao. Mwalimu alikaa benchi la mbele, pamoja na makatekista, amevaa lile koti refu jeusi. Kijana wa pikipiki alipotokea na uso ule, ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja. Halafu kicheko kilianzia kwa kina mama, kikaenda nyuma kikarudi, na watu wakaanza kusimama, si ili waone jukwaa, bali ili waone benchi la mbele. Walilinganisha. Wazazi waliwainua watoto.

Kijana alikuwa na sauti, siwezi kumnyima hiyo. Lakini hotuba aliikata katikati, na mahali pa mapadri aliweka kitu chake: alijibana midomo ya kinyago kwa vidole viwili akasema "la rue". Ukumbi uligonga sakafu kwa miguu. Kubisha kulikoma bila mtu yeyote kugundua.

Mwishoni Mama Présidente alipanda, akashukuru, akasema mtunzi yuko, aje watu wamwone. Mwalimu alipanda ngazi tatu za mbao polepole. Kijana alisimama kando yake na kinyago usoni, bega kwa bega, na watu walipiga makofi na kucheka pamoja kwa muda niliouona mrefu. Kisha kijana alizidiwa na jasho, akavua kinyago, akaninyooshea mimi niliyekuwa nimesimama kando ya jukwaa, penye ngazi, akashuka.

Mwalimu hakushuka. Alirudi nyuma ya mlango, akashika komeo, akaanza hotuba.

Kwa sekunde chache watu walimtazama, wakidhani anashukuru. Mama Présidente alingoja kidogo, kisha akawaashiria wanakwaya kwa kiganja, na kwaya ikaanza wimbo wa jubilei, na ngoma. Kina mama walianza kucheza kati ya mabenchi. Mwalimu aliendelea. Sikuweza kumsikia, lakini nilikuwa karibu na niliijua hotuba, kwa hiyo nilimfuata kwa midomo: mashamba, ng'ombe, wakwe, mapadri. Aliacha nafasi pale mgeni anapobisha, kila mahali, kwa urefu wake. Hakuruka hata sentensi moja. Alipofika mwisho alifanya kile ambacho tajiri hufanya, aliweka sikio kwenye mbao na kusikiliza, na uso wake, kwa upande niliokuwa nauona, ulikuwa mahali pake.

Watu walikuwa wanatafuta watoto wao na viti vyao. Aliachia komeo, akaja ukingoni mwa jukwaa, akaanza kutafuta ngazi kwa mguu wa kushoto, huku mkono wake ukishika hewa mbele yangu. Mimi nilikuwa nimeshika kinyago kwa mikono miwili. Sikukiweka chini.